Wikipedia, YouTube, TikTok au Google Earth: ukitaka kuperuzi kwa raha tu, ufungue ipi?

Kuna kuperuzi kwa shida na kuna kuperuzi kwa raha. Kwa shida ni pale unapotafuta matokeo ya kidato cha nne, nauli ya treni ya SGR, au duka la dawa lililo wazi saa nane usiku. Hapo hakuna kuchagua: unaandika swali, unapata jibu, unafunga simu. Kwa raha ni habari nyingine. Umeshakula, vyombo vimeoshwa, na kuna swali la kipuuzi limekukaa kichwani tangu mchana. Jibu lake halitakusaidia chochote kesho. Unalitaka tu.

Ugumu unaanzia kwenye kufungua. Bando ni lile lile na jioni ni ile ile, lakini programu ziko nyingi, na kila moja inakupeleka njia yake. Wengi tunafungua ile iliyo karibu na kidole gumba, basi. Hapa nalinganisha nne ambazo watu huniuliza zaidi, na mwishoni naziongezea mbili za pembeni kwa kifupi.

Ili ulinganisho uwe wa haki, zote nne nimezipelekea swali moja: kwa nini heroe wa Ziwa Natron wana rangi ya waridi? Heroe ndio hao wengi tunaowaita flamingo. Jibu lenyewe ni fupi. Ni chakula. Heroe mdogo huchuja maji ya magadi kwa mdomo wake akila viumbe vidogo mno vya rangi ya kijani-buluu, vinavyojulikana kama spirulina, ambavyo vina karotenoidi, yaani rangi za ukoo mmoja na ile inayoifanya karoti iwe karoti. Kifaranga chake huanguliwa kikiwa na rangi ya kijivu. Kwa hiyo swali limeshajibiwa, tuliweke pembeni. Kinachotuhusu ni pale unapofika baada ya jibu.

Vigezo

Nimetumia vitano. Raha yake: ni ya kusoma, kuona, kucheka au kuzurura? Bando: inakula kiasi gani? Ukweli: ukimsimulia mtu ulichokipata, utaaibika? Kiswahili: unaweza kukaa humo bila kuhamia Kiingereza? Na mwisho wake: nani anaamua kinachofuata, wewe au mashine, na kuachana nayo kukoje? Sifichi kwamba kigezo hiki cha tano nakipa uzito kuliko vingine, maana ndicho kinachotofautisha jioni na jioni. Wewe unaweza kuwa unaangalia bando kwanza, na ni haki yako.

Wikipedia

*Raha yake.* Ni raha ya kiungo cha buluu. Unaanza na heroe, aya chache chini unakutana na Ziwa Natron, unabonyeza, unaambiwa ndiko wanakozaliana heroe wadogo wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Kusini mwa ziwa kuna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai. Unabonyeza tena. Kumbe ndiyo volkeno hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya lava ya kawaida. Inatoka nyeusi tii, na ikishanyonya unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Matope ya jivu la mlima huo ndiyo yaliyohifadhi nyayo za Engare Sero, zaidi ya 400, za watu waliopita hapo maelfu ya miaka iliyopita. Nyayo zinakukumbusha nyayo nyingine, unahamia Laetoli: nyayo za miaka milioni 3.6, zilizofukuliwa na kundi la mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey, 1978. Kutoka kwa akina Leakey unamkuta Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua wa kuchimba akaja kuwa miongoni mwa wavumbuzi wakubwa wa visukuku duniani, yule aliyeibua mifupa ya binadamu wa kale aitwaye Kijana wa Turkana mwaka 1984. Na miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1964, aliokota taya la kale mahali paitwapo Peninj. Peninj ni wapi? Upande wa magharibi wa Ziwa Natron. Umezunguka kote huko ukarudi kwa heroe wako.

Hakuna aliyekupangia safari hiyo, na mwenzako akianza na heroe yule yule ataishia kwenye chumvi, au Uturuki, au mavazi ya ballet. Ipo hata michezo ya namna hii. Mmoja ni kuchagua kurasa mbili zisizohusiana, tuseme Mpingo na Napoleon, kisha kushindana nani atatoka ya kwanza hadi ya pili kwa kubonyeza viungo tu. Mwingine unachezwa kwenye toleo la Kiingereza: fungua ukurasa wowote, bonyeza kiungo cha kwanza cha maandishi, kisha cha kwanza cha ukurasa unaofuata, na kuendelea. Mara nyingi mno utaishia kwenye ukurasa wa Falsafa. Ujaribu ukiwa na watoto wakubwa wa shule. Wanakataa kuamini mpaka warudie.

*Bando.* Hapa haina mpinzani. Ukurasa wa maandishi na picha chache ni kitu cha MB 1 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Kuna pia programu ya Kiwix inayokuruhusu kushusha kamusi elezo nzima mara moja kwenye Wi-Fi ya mtu, kisha ukasoma bila intaneti. La Kiingereza lenye picha ni zito, linataka GB makumi kwa makumi. La Kiswahili ni jepesi, simu ya kawaida inalibeba.

*Ukweli.* Watu hupenda kusema "mtu yeyote anaweza kuandika humo" kana kwamba ndiyo hoja imekwisha. Ni kweli anaweza, na kila alichobadilisha kinabaki kwenye historia ya ukurasa, na wenzake wanaweza kukirudisha dakika hiyo hiyo. Kurasa zinazosomwa na wengi zinalindwa vizuri. Uangalifu unahitajika kwenye zile za pembezoni: wasifu wa msanii mdogo, historia ya kijiji, ukoo wa fulani. Huko mwandishi anaweza kuwa fulani mwenyewe.

*Kiswahili.* Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na ina makala zaidi ya 70,000. Kiingereza kina zaidi ya milioni 6. Pengo hilo utalihisi: unasoma vizuri, unakutana na kiungo chekundu, maana yake hakuna aliyeandika bado. Au unafungua kata yenu na kukuta mistari mitatu, kisha maneno yale yale ya chini, kwamba makala hii bado ni mbegu na unaweza kuisaidia kwa kuongeza habari. Wengine huudhika. Wengine ndio wanapata kazi ya jioni, maana kata hiyo wanaijua kuliko mtu yeyote.

*Mwisho wake.* Ukurasa una mwisho. Hakuna kinachojifungua chenyewe. Kidole kikitulia, safari imetulia. Hatari yake ni ya aina nyingine: kurasa thelathini zilizofunguliwa "nitasoma baadaye", zinakaa hapo mwezi mzima.

*Inamfaa* mwenye subira ya kusoma, mwenye bando dogo, na mtu ambaye akiulizwa "umejuaje?" anapenda kuwa na jibu. Haimfai aliyechoka macho.

YouTube

*Raha yake.* Kuona na kusikia. Andika habari za heroe mpaka wino uishe, hutaweza kumwonyesha msomaji ngoma yao ya kutafutana wenza: mamia wamebanana, shingo juu, vichwa vinageuka kushoto kulia kwa pamoja kama askari wa gwaride, kundi zima linasogea hatua kwa hatua. Dakika mbili za video zinamaliza kazi. Halafu unaona vifaranga vya kijivu vikitembea kwa mguu juu ya ganda la chumvi kufuata maji, na jibu letu la karotenoidi linapata sura.

Lakini kwa msomaji wa Kiswahili, hazina kubwa ya YouTube naiona kwenye sauti za zamani. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sehemu ya zile nyimbo unaweza kuzisikiliza leo ukiwa umelala chali Tabata. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, hotuba za Mwalimu Nyerere, taarabu ya Mombasa, rumba ya Lubumbashi. Mtu mzima akianza hapo jioni haitoshi, na usishangae akaanza kukutajia kumbi ambazo siku hizi ni maghala.

Na kuna raha ya kutazama kazi za mikono: fundi anafumua injini ya pikipiki mpaka skrubu ya mwisho, mtu anajenga tanuri la udongo. Huna pikipiki wala hujengi tanuri. Unatazama tu mpaka mwisho.

*Bando.* Hapa ni wewe na kile kitufe cha ubora wa picha. Kwa hesabu ya jumla, 144p huenda na MB 100 kwa saa au chini yake, 480p ni mara nne au tano ya hapo, na 720p inakaribia GB 1. Kama unasikiliza muziki wa zamani, ile 144p inakutosha kabisa. Santuri ya mwaka 1928 haina picha ya kuona. Tatizo ni kwamba programu ikiachwa ijichagulie, itaangalia nguvu ya mtandao wako, haitaangalia mfuko wako.

*Ukweli.* Mchanganyiko. Kuna chaneli za makumbusho, vyuo vikuu na mashirika ya habari, na jirani yake kuna mtu aliyesoma makala moja akaitia muziki wa kutisha. Ukitafuta Ziwa Natron hutakawia kukutana na "ziwa linalogeuza wanyama kuwa mawe". Picha za ndege na popo waliokauka kama sanamu ni za kweli. Zilisambaa sana mwaka 2013 na mpigaji wake ni Nick Brandt. Ila mwenyewe alieleza kwamba aliwakuta wamekwisha kufa, wamekaushwa na kuhifadhiwa na magadi ya ziwa, akawaweka matawini na kwenye maji katika mkao wa kiumbe hai ndipo akapiga picha. Hakuna heroe anayetua akageuka jiwe. Kama wangekuwa wanageuka, wale wanaozaliana hapo kila baada ya misimu kadhaa wangekuwa wametokea wapi?

*Kiswahili.* Kipo tele, na si cha aina moja. Cha Unguja, cha Mombasa, cha Nairobi, cha Lubumbashi na cha Goma, kila kimoja na lafudhi yake. Wikipedia haiwezi kukupa hilo.

*Mwisho wake.* Video ina urefu unaouona kabla ya kuanza: dakika 12, unajua unachoingia. Kinachoharibu ni ile inayofuata kujicheza yenyewe. Izime, kitufe kipo hapo hapo juu ya video, na YouTube inakuwa kitu kingine kabisa. Ukiiacha, ulianza na heroe, baada ya saa moja unatazama mashindano ya kula pilipili.

*Inamfaa* anayetaka kutazama na wenzake, hasa kama kuna runinga ya kuunganisha. Mpenzi wa muziki wa zamani. Na mtu ambaye mikono yake ina kazi, anapiga pasi au anachambua mchele, masikio tu ndiyo yako huru.

TikTok

*Raha yake.* Hutafuti, unaletewa. Na lazima tuseme haki: inaleta vizuri. Vitu ambavyo usingewahi kufikiria kuviandika kwenye kisanduku cha kutafutia vinakujia mlangoni. Mama anapika vitumbua kwa dakika moja na nusu na unaona wazi unga unavyotakiwa kuwa mzito. Singeli mpya kabla haijafika redioni. Utani wa mtaani ambao mwezi ujao kila mtu atakuwa anausema ofisini. Kili Paul na dada yake Neema walijirekodi kijijini kwao, katika mavazi ya Kimaasai, wakiigiza nyimbo za Kihindi, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India Narendra Modi akawataja kwenye kipindi chake cha redio. Hakuna mtu India aliyekuwa ameandika "Wamaasai wanaoimba Kihindi" akitafuta.

Nilipouliza kuhusu heroe nilipata vipande vifupi vizuri: ndege wakiruka kwa maelfu, rangi inameremeta. Na jibu la chakula lilikuwemo, kwa sentensi moja. Baada ya hapo hapakuwa na mlango wa kwenda Lengai wala Engare Sero. Palikuwa na heroe wengine, halafu tausi, halafu mbwa.

*Bando.* Ni mlaji, na mlaji wa kimya, kwa sababu video zinazofuata hupakiwa kabla hujazifikia ili zisikwame. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuokoa data. Iwashe kabla ya kitu kingine chochote.

*Ukweli.* Kipande cha sekunde 40 hakina nafasi ya "lakini". Yale yale ya ziwa la mawe yamo, na siku hizi zimeongezeka video zilizotengenezwa na akili mnemba, simba anacheza na swala na watu elfu wanaandika "Mungu ni mwema". Kwa kucheka haidhuru. Kwa kusimulia, hakikisha kwanza kwingine.

*Kiswahili.* Hapa TikTok inashinda, sibishi. Kiswahili kilicho hai, cha leo asubuhi, cha Manzese na cha Kisauni. Mtu aliyekaa Muscat au Minneapolis miaka mingi anajikumbusha lugha humo kuliko kwenye kitabu.

*Mwisho wake.* Hauna, na umeondolewa kwa makusudi. Ukurasa usioisha ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, kabla ya TikTok kuwepo, na yeye mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. TikTok imejengwa juu ya wazo hilo. Ipo njia ya kujiwekea kikomo cha dakika kwenye mipangilio, na inasaidia kwa wale wanaoitii. Kinachofanya kazi zaidi kwa watu wengi ninaowajua ni kuifungua pale tu ambapo kuna kitu cha nje kitakachowakatisha: foleni ya benki, chai inayochemka, mtu anayengojewa.

*Inamfaa* mwenye vipande vya dakika kumi kumi, anayetaka kucheka, anayefuata muziki mpya na mapishi. Kwa mtoto, angalia kwanza umri: masharti yao wenyewe yanataka miaka 13.

Google Earth

*Raha yake.* Wengi wanaijua kwa jambo moja tu: kutafuta paa la nyumba yao. Ukishaliona, umemaliza, umeifunga. Subiri kidogo. Andika Lake Natron. Kuna picha ambazo ziwa zima linaonekana jekundu kama damu ya mzee, na ganda jeupe la chumvi limepasukapasuka juu yake. Wekundu huo unatokana na vijiumbe vinavyopenda chumvi. Shuka kusini kidogo, kuna Lengai, pembetatu iliyosimama peke yake. Kusini zaidi, shimo la Ngorongoro. Sasa geuka kaskazini: Ziwa Magadi ng'ambo ya Kenya na kiwanda chake cha magadi, kisha Naivasha, Bogoria, Baringo, hadi Turkana. Bila kusoma neno hata moja umeona Bonde la Ufa ni nini, kwa nini maziwa yake yamepangwa mstari mmoja, na kwa nini mengi ni ya magadi: maji yanaingia, hayana pa kutokea, yanakaushwa na jua.

Unapopita hapo utaona mpaka wa Kenya na Tanzania. Umenyooka kama uliochorwa kwa rula kutoka Ziwa Viktoria, ukifika Kilimanjaro unapinda, unauacha mlima upande wetu, kisha unanyooka tena hadi baharini. Sote tulisimuliwa kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake Kaiser Wilhelm. Mstari ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm alikalia kiti cha ufalme wa Ujerumani baadaye, mwaka 1888. Ramani haikwambii hayo, lakini inakutia hamu ya kwenda kuyatafuta, na kwangu hiyo ndiyo raha yake kubwa: inazalisha maswali.

Kisha kuna picha za miaka ya nyuma. Nenda Dar es Salaam, rudisha mwaka hadi 2010. Kigamboni haina daraja, ni pantoni tu inakata maji. Daraja lilifunguliwa 2016. Sogea hadi upande wa Oysterbay, bahari tupu, Daraja la Tanzanite halijaota. Lilianza kutumika 2022. Rudi Mbagala, Goba, Bunju, uone mashamba yakigeuka mabati mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyenunua kiwanja enzi hizo akiona hivi ananyamaza kidogo, halafu anaanza hesabu.

Na kama miguu inawasha, shuka hadi kwenye picha za barabarani. Kilele cha Uhuru kiliwekwa humo mwaka 2013, msitu wa Gombe wa sokwe wa Jane Goodall mwaka 2014, na miji ya Kenya ikafuata 2018.

*Bando.* Inakula unaposogea, ukitulia nayo inatulia. Anayerukaruka kutoka Natron hadi Antaktika atajuta. Anayetembea taratibu eneo moja ataona ni nafuu kuliko video. Simu ndogo hupata moto. Kompyuta ni bora zaidi.

*Ukweli.* Picha haidanganyi, lakini si ya leo. Baadhi ya maeneo ni ya miaka kadhaa nyuma. Majina ya mitaa pia yanatia shaka, maana mengi yameongezwa na watumiaji, na kila mtaa una mtu anayetaka duka lake ndilo liwe jina la kituo.

*Kiswahili.* Suala hili karibu halipo. Hakuna cha kusoma sana, na majina unayakuta ni yako mwenyewe: Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Ras Kutani.

*Mwisho wake.* Dunia ni duara, kwa hiyo kinadharia hauishi. Kwa vitendo, watu huchoka wenyewe baada ya nusu saa hivi, na huchoka vizuri, kwa sababu hakuna kinachowavuta shati. Kila hatua umeipiga mwenyewe.

*Inamfaa* mtu wa safari asiye na nauli, mzazi mwenye mtoto anayeuliza "pale ni wapi?", na aliye mbali na nyumbani anayetaka kuona kama ule mwembe bado upo. Haimfai anayetaka kupumzika bila kufikiri. Hapa usipokuwa na hamu ya kwenda mahali, unabaki umeutazama mpira wa buluu.

Mbili za pembeni

Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ni ghala la vitabu vilivyopitwa na haki miliki, sauti, na nakala za tovuti zilizokufa. Humo utakuta hadithi za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ni polepole na kutafuta humo kunataka moyo. Kwa mpenda vya kale, hata hivyo, jioni tatu hazitoshi.

Programu za akili mnemba, zile za kuuliza na kujibiwa, sikuziweka kwenye nne kwa sababu moja: zinajibu. Nilipouliza habari za heroe nilijibiwa vizuri, kwa mpangilio, na hamu ikaisha papo hapo. Kwa shida ni msaada, ingawa nazo hukosea kwa kujiamini kabisa. Kwa raha, naona zinafupisha njia ambayo utamu wake ulikuwa kwenye urefu.

Kwa hali yako

Bando limebaki MB 50 na vocha ni kesho: Wikipedia, au Kiwix kama ulijiandaa. Usijaribu kitu kingine.

Mko wanne sebuleni na mmoja ameshika rimoti: YouTube, kila mtu achague video moja kwa zamu. Mzee apewe zamu ya kwanza, ataweka zilipendwa, na mazungumzo yatakayofuata yataizidi video.

Uko kwenye mwendokasi umesimama, mkono mmoja umeshika bomba: TikTok ilitengenezwa kwa ajili yako. Kituo chako ndicho kitakachokukatisha. Ukiwa kitandani na kesho unaamka saa kumi na moja, usiiguse. Fungua ukurasa mmoja wa Wikipedia kuhusu jambo lisilokuwa na haraka, historia ya karafuu kwa mfano, na utalala kabla ya marejeo.

Uko ughaibuni na nyumbani kunakuvuta: anza na Google Earth uone paa na njia, kisha hamia TikTok usikie watu wanavyoongea sasa. Mpangilio huo ni bora kuliko kinyume chake, maana ukianza na TikTok hutafika kwenye paa.

Una mtoto wa miaka tisa mwenye maswali: Google Earth kwenye kompyuta, mtu mzima akiwa pembeni, na swali likizuka mnalipeleka Wikipedia pamoja. YouTube ije mwisho, kwa video moja mliyoichagua nyinyi.

Na kama huna hali yoyote kati ya hizi, una jioni tu na swali la kipuuzi, basi angalia swali lenyewe. Likianza na "kwa nini", nenda kasome. Likianza na "ikoje", nenda katazame. Likianza na "wapi", fungua ramani. Na kama swali hakuna, unataka tu kuletewa, TikTok ipo. Weka chai jikoni kwanza.